Nesi anavaa glavu moja vitanda vyote, nimwambie au nikae kimya?

mkwe_wa_Bahi aliandika:

Mbukwenyi wakuu. Naombeni ushauri hasa nyie mlioko sekta ya afya, na hata ambao mmeshauguza mgonjwa mkakutana na kitu kama hiki.

Niko hapa Dodoma mjini nauguza mama mkwe, hospitali sitaji maana mgonjwa wangu bado yupo mikononi mwao. Mama ana sukari miaka mingi, akachomwa na mwiba shamba la uwele huko Bahi akauchukulia poa, anapaka majivu anaendelea na kazi, tunakuja kushtuka kidole kimeshakuwa cheusi. Wamekikata na sasa kila asubuhi anafungwa kidonda. Leo siku ya nane.

Sasa kinachonisumbua ni hiki. Asubuhi nesi anakuja na kitoroli chake, kavaa glavu safi kabisa, anaanza kitanda cha kwanza karibu na mlango. Anafungua bendeji, anasafisha, anafunga. Akimaliza havui zile glavu, anachukua ile chupa ya spiriti anajipulizia juu ya glavu, anasugua sugua, anahamia kitanda cha pili. Hivo hivo mpaka anafika kwa mama ambaye yupo kitanda cha sita. Na kitanda cha nne kuna baba mmoja kidonda chake kinatoa usaha jamani, harufu yake mnaijua wenyewe, yani mkifungua dirisha vumbi, mkifunga harufu.

Mi sio mtu wa hospitali, nauza mitumba. Inawezekana ile spiriti inatosha na mimi ndo najitia ujuaji. Lakini roho inaniambia kitu sicho. Nikimwambia naogopa ataninunia, na akininunia mimi anayeumia ni mama kitandani, usiku nikiita dripu imeisha naambiwa subiri. Na yule sista sio mtu mbaya hata kidogo, ni binti mdogo tu kazi imemzidi, yuko peke yake wodi nzima na anaongea na wagonjwa vizuri. Mume wangu yuko Bahi kwenye simu ananiambia "nyamaza usituletee matatizo".

Swali langu, je glavu ukiipulizia spiriti inakuwa kama mpya? Na kama sio, namwambiaje mtu mzima na taaluma yake bila kumvunjia heshima?

Chikuyu_mtata aliandika:

Dada hapo ni kumrekodi na simu tu, video inaenda mtandaoni kesho asubuhi glavu mpya zinashushwa na lori. Nchi hii bila kelele hakuna kitu

zamu_ya_usiku aliandika:

Chikuyu acha ushamba, utarekodi wodi yenye wagonjwa wamefunuliwa vidonda? Hiyo ni kesi nyingine na utakuwa umewadhalilisha watu sita kumkomoa mmoja.

Dada mkwe_wa_Bahi pole sana na kuuguza. Mimi ni muuguzi, mwaka wa 11 kazini, nimeanzia zahanati huko Chemba sasa niko mjini. Nakujibu kwa kirefu kidogo nivumilie nimetoka zamu.

Jibu fupi: hapana, glavu ikipuliziwa spiriti haiwi mpya. Zile glavu za kawaida za boksi zimetengenezwa kwa mgonjwa mmoja, kazi moja, unatupa. Ukizipaka spiriti mara kwa mara ule mpira unaanza kunata na kulegea, unapata vitobo ambavyo macho hayavioni, na usaha ulioshika pale hautoki kwa kupuliza. Kwahiyo kilichotoka kitanda cha nne kina usafiri mzuri tu mpaka cha sita. Na mama yako ana sukari, kidonda chake ndo kile kinachopokea wageni kirahisi na kinachelewa kuwaaga.

Halafu kuna jambo ambalo hata sisi wenyewe wengi tunalikosea, glavu haichukui nafasi ya kunawa. Mkono ukikaa ndani ya glavu unatoka jasho, joto lipo, unyevu upo, vijidudu vinazaliana, na wakati wa kuvua ni rahisi sana kujipaka kile ulichokuwa unakikwepa. Ndo maana unasafisha mikono kabla ya kuvaa na unasafisha tena ukishavua. Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 walitoa zile nyakati tano, ukiingia wodi nyingi utakuta zimebandikwa ukutani kwenye karatasi iliyofifia. Ngoja nikuambie kwa kitanda cha mama yako ili uelewe. Nesi anasafisha mikono kabla hajamgusa mama. Anasafisha tena kabla hajagusa kidonda chenyewe. Anasafisha akishashika usaha au damu, hata kama alikuwa na glavu. Anasafisha akimaliza kumhudumia anataka kuondoka. Na ya tano ndo wengi wanaisahau, amekuja hajamgusa mama kabisa, kasogeza kitanda tu au kashika kile kimeza au kaweka sawa shuka, bado anasafisha mikono kabla ya kwenda kwa jirani. Kitanda na kimeza navyo vimejaa.

Na kufunga kidonda kimoja tu kwa haki yake kunataka hatua mbili. Ile bendeji ya zamani unaitoa na glavu za kwanza, unazivua unatupa na bendeji yake, unapaka sanitaiza, ndo unavaa nyingine kwa ajili ya kusafisha na kuweka dawa. Kama kuna seti yenye foseps (vile vikoleo vya kushikia pamba) zilizotakaswa zikauliwa vijidudu vyote, unatumia hizo. Na vidonda visafi vinafungwa kwanza, vyenye usaha mwisho. Hapo tu, sista angeanza na mama akamalizia na yule baba wa kitanda cha nne, angekuwa ameshapunguza hatari kubwa bila kuongeza hata glavu moja.

Sasa upande wa pili wa shilingi, maana sitaki tumsulubu binti wa watu. Piga hesabu. Vidonda 12 asubuhi, jozi mbili kila kidonda, ni glavu 48. Boksi lina glavu 100. Nusu boksi imekwenda na saa nne haijafika, bado sindano, bado kubadilisha mashuka, bado mgonjwa aliyejisaidia. Boksi linatakiwa likae siku mbili maana stoo ndo wamesema. Unadhani atafanyaje?

Lakini kuna kitu nilikuja kugundua mwenyewe baada ya miaka mingi, glavu zinaisha kwa sababu tunazivaa pasipotakiwa. Unakuta mtu anapima presha na glavu, anagawa vidonge na glavu, anaandika kwenye faili na glavu, anapokea simu na glavu. Hata sindano ya msuli kwenye ngozi isiyo na jeraha haihitaji glavu, inahitaji mkono msafi. Tunavaa kwa woga, tunajilinda sisi, halafu zikifika kwenye kidonda cha usaha ambako zinatakiwa kweli zimebaki nne. Kwenye wodi yetu tulipokubaliana hilo boksi lilianza kuonekana mwisho wa wiki.

Kuhusu kumwambia nitarudi, naenda kulala kwanza.

mkwe_wa_Bahi aliandika:

Asante sana dada yangu, umenifungua macho. Hiyo ya kuanza na visafi sikuwahi kufikiria. Kumbe hata kwenye kufua tunaanza na nyeupe!

Lala salama ila usisahau kurudi, kesho saa mbili asubuhi kitoroli kinakuja.

Baba_Neema_Area_C aliandika:

Kwani si wanawe na Jik tu? Pale wodini Jik haikosekani, ndoo nzima ipo mlangoni. Mama yangu alikuwa mhudumu enzi hizo walikuwa wanachovya mikono kwenye beseni la Jik wanaendelea na kazi.

mfamasia_wa_kijiweni aliandika:

Baba Neema hapana kaka. Ile Jik ya ndoo ya mlangoni wanaichanganya kipimo kimoja cha Jik ya asilimia 3.5 na maji vipimo sita, inatoka kama asilimia 0.5, hiyo ni ya damu iliyomwagika na sakafu na vyombo. Ukiichovya mikono kila siku ngozi inakauka inapasuka, na kwenye ile mipasuko vijidudu vinakaa raha mstarehe kuliko hata mwanzo, juu ya hapo utaogopa kunawa kwa sababu inauma. Ile ya kunawia mikono waliyokuwa wanatumia kwenye Ebola ilikuwa nyepesi mara kumi ya hiyo. Na beseni la kuchovya watu wote ni kubadilishana tu uchafu, asubuhi Jik mchana supu.

Ngoja niseme kuhusu sanitaiza maana naona watu wanaichukulia kama ya korona tu. Kwa mazingira yetu haya ya maji ya mgao sanitaiza ndo mkombozi. Kunawa na maji na sabuni kwa utaratibu kunachukua sekunde 40 mpaka 60, na hapo maji yawepo bombani. Dodoma hii ambayo mji kwa sehemu kubwa unategemea visima vya Mzakwe na watu wanaongezeka kila siku tangu serikali ihamie, kuna siku bomba la wodini linapumua tu upepo. Sanitaiza ni sekunde 20 mpaka 30, ipo mfukoni, nesi halazimiki kutembea mpaka kwenye sinki kona ya mwisho. Mtu ana wagonjwa 30, ukimwambia kila mguso aende sinki unamwambia afanye kazi ya kutembea tu.

Masharti yake, mikono isiwe na uchafu unaoonekana. Kama kuna damu, usaha, kinyesi, hapo ni maji na sabuni. Mgonjwa wa kuhara pia, maji na sabuni, kwa sababu kuna vijidudu vingine vya kuhara vina gamba gumu spiriti haivitoboi. Unapaka ya kutosha mikono yote ilowe, unasugua viganja, juu ya mkono, katikati ya vidole, kidole gumba (hiki kinasahaulika balaa na ndo kinashika kila kitu), ncha za kucha, mpaka ikauke YENYEWE. Usipepee wala usifute kwenye koti.

Na iwe na nguvu, alkoholi asilimia 60 kwenda juu. Mwaka 2020 mnakumbuka kila mtu alikuwa mtengenezaji wa sanitaiza, zile za bluu zinanukia pipi, nyingine ukipaka hata baridi huisikii. Kuna mzee hapa mtaani alikuwa ananawa na Konyagi, nikamwambia mzee hiyo ni asilimia 35, ya kunawia haitoshi, akasema basi sitaipoteza akainywa.

Hospitali inaweza kutengeneza yenyewe, sio siri. Fomula ya Shirika la Afya Duniani kwa lita 10 ni ethanoli ya asilimia 96 mililita 8333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliserini mililita 145, unajazia maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka lita 10, unaacha saa 72 ndo unatumia. Ile peroksaidi sio ya mikono, ni ya kuua mbegu za bakteria zilizoingia kwenye chupa, ndo maana ya kusubiri siku tatu. Gliserini ni ili ngozi isikauke. Ila tafadhali msijaribu hii jikoni karibu na jiko la mkaa, ethanoli inashika moto kama petroli. Hii ni kazi ya chumba cha famasi chenye mtu anayejua.

fagio_la_asubuhi aliandika:

Mi nafanya usafi hospitalini, naona mnaongelea manesi na madaktari tu, sisi hamtuoni 😂 wakati kitanda na kimeza na kitasa cha mlango ni sisi.

Niongezee mambo ya chini kwa chini ambayo hayapo kwenye karatasi za ukutani. Moja ni kipande cha sabuni. Unakuta pale sinki kipo kimelala ndani ya maji kimekuwa uji, kila mtu anakishika. Sisi tunakikata vipande vidogo vidogo, tunaweka kwenye kisahani chenye matundu kikauke. Sabuni ya maji je? Watu wakiona imepungua wanajazia juu ya iliyobaki, mwaka mzima chupa haijaoshwa, huko chini kuna kizazi cha tatu cha bakteria. Iishe, oshwa, kausha, jaza. Na ile taulo moja inaning'inia pale, daktari anafuta, nesi anafuta, mwanafunzi wa chuo anafuta, jioni ukiigusa imelowa. Umenawa dakika nzima halafu unajipaka upya. Bora mikono ikauke kwa hewa kuliko ile taulo.

Maji yakikatika tunatumia ndoo ya koki, mmoja wetu kazi yake kuhakikisha haijakauka na beseni la chini halijafurika. Inafanya kazi vizuri tu. Tatizo watu wakiona ndoo imekaa hapo wanaihamisha. Januari 2025 Rais alipotangaza ule ugonjwa wa virusi wa Marburg huko Biharamulo, na alitangazia hapa hapa Dodoma akiwa na yule mkuu wa Shirika la Afya Duniani, basi ghafla ndoo zikawa kila mlango, hadi geti la nje mlinzi anakusimamia unawe. Ikaisha Machi, ndoo zikaanza kupotea moja moja. Moja niliikuta kwa mama ntilie nyuma ya jengo ina maharage.

mwalimu_mstaafu_Mpwapwa aliandika:

Wanangu, nimefundisha wauguzi miaka mingi kabla ya kustaafu, na hili swali la dada la "namwambiaje mtu wa taaluma" lina historia ndefu.

Mwaka 1847 Vienna kulikuwa na daktari Semmelweis, wodi mbili za wazazi hospitali moja, moja ya wakunga moja ya madaktari na wanafunzi wao. Ile ya madaktari wazazi walikuwa wanakufa sana kwa homa ya uzazi, hadi kinamama wakawa wanalia wasipelekwe huko. Akaja kugundua madaktari wanatoka chumba cha maiti kupasua wanakuja moja kwa moja leba kupima njia. Akaamuru wote wanawe kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili walikuwa wanakufa wazazi 18 katika kila 100, Juni wakawa wawili. Wawili! Unadhani walimpongeza? Walikasirika. Unatuambia sisi mabwana wakubwa mikono yetu michafu? Na yeye naye hakuwa na lugha nzuri, aliandika barua za kuwaita wauaji. Mwisho wakampeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, tuseme Mirembe ya kwao, akafia huko 1865, na kilichomuua ni maambukizi ya jeraha.

Nilikuwa nawaambia wanafunzi wangu, aliyekuwa na ukweli ni yeye, lakini ukweli aliurusha kama jiwe. Dada, tafuta namna ya kuupeleka na kikombe cha uji.

zamu_ya_usiku aliandika:

Nimeamka. Shikamoo mwalimu, nahisi ulinifundisha, lugha naijua hiyo 😄

Dada, fanya hivi. Usimwambie "mbona hubadilishi glavu". Wewe anza na mikono YAKO. Akifika kwa mama mwambie, "sista samahani, mi nitakusaidia kumshikia mguu, naomba nipakie na mimi hiyo dawa ya mikono, maana nimetoka kumwaga mkojo." Atakupulizia. Wakati anakupulizia mwambie mama ana sukari na daktari alisema tuwe makini sana, kwahiyo kama glavu mpya zipo naomba za mama. Sio "badilisha", ni "naomba". Mtu mwenye nafsi ataelewa hapo hapo. Ukiweza muombe pia kama anaweza kuanza na mama kabla ya wale wenye usaha.

Akiwa mkali au hali ikiendelea, nenda kwa sista mkuu wa wodi, faragha, sio korido. Hiyo sio umbea. Hospitali zina watu wa kusimamia kinga na udhibiti wa maambukizi, mwongozo wa taifa upo tangu 2004 ukafanyiwa marekebisho 2018, na hilo boksi la glavu lisilotosha linatakiwa lifike mezani kwao, nesi mdogo peke yake hana nguvu ya kulidai. Malalamiko ya ndugu wa mgonjwa wakati mwingine ndo yanamsaidia.

Mama_Pendo_Kongwa aliandika:

Mi nataka kumgeuzia kibao mtoa mada, dada usikasirike. Wewe mwenyewe je?

Nimeuguza mwanangu wiki tatu wodi ya watoto. Nimeona mengi. Sisi wauguzaji ndo tunalala humo, sisi ndo tunamwaga mikojo, tunabadilisha nepi, halafu huyo huyo anakoroga uji analamba kijiko anamlisha mtoto. Tunakaa kwenye kitanda cha mgonjwa na kanga iliyotoka kulaliwa sakafuni. Na lile la utu wetu, jirani akisema nisaidie nimgeuze mgonjwa wangu unakwenda mbio, unamshika, unarudi kwa wako. Hakuna atakayekukataza kusaidia, hata mimi sitaacha, ila nesi akiruka kunawa tunaona, sisi tukiruka hatuoni. Na simu! Mtu yuko msalani na simu, akitoka anampa mgonjwa aongee na watoto nyumbani.

Kwetu Kongwa tumefundishwa kunawa tangu wadogo kwa sababu ya vikope, ule ugonjwa wa macho, watafiti wamekaa huko miaka na miaka wanatuhimiza tuwaoshe watoto nyuso, na maji yenyewe ya kubebwa kichwani. Kibuyu chirizi nyuma ya choo kila nyumba, dumu la lita tano limetobolewa na msumari, kamba, kijiti cha kukanyaga, kikombe kimoja cha maji mnanawa watu kadhaa. Kwahiyo mtu asiniambie maji hayatoshi. Kule wodini nilitengeneza cha chupa ya maji nikafunga dirishani, manesi wakacheka, siku ya tatu nikamkuta daktari ananawia.

kijana_wa_UDOM aliandika:

Samahani natoka nje ya mada kidogo, mwaka jana nikimuuguza bro nilichomwa na sindano iliyosahaulika kwenye shuka. Niliikamua damu nikapaka spiriti nikakaa kimya. Ilikuwa sawa?

mfamasia_wa_kijiweni aliandika:

Haikuwa sawa mdogo wangu. Haikamuliwi. Unaosha kwa maji yanayotiririka na sabuni, unatoa taarifa hapo hapo, unapewa dawa za kuzuia VVU kama inahitajika, mapema iwezekanavyo na isipite saa 72, unakunywa siku 28. Hatari ya VVU kwa sindano moja yenye damu ya mwenye virusi ni kama 3 kwa 1000, ndogo, ila homa ya ini B kwa asiyechanjwa inaweza kufika 30 kwa 100. Mwaka umepita hivyo dawa hizo tena hazihusiki, nenda kapime vyote viwili, na kama homa ya ini huna chanja, ni dozi tatu. Na ile sindano mahali pake ni kile kiboksi cha njano, aliyeiacha kwenye shuka alikosea sana.

mkwe_wa_Bahi aliandika:

Wakuu nimerudi na mrejesho, samahani nimechelewa chaji iliisha.

Kwanza Mama Pendo umenipiga penyewe. Sikukasirika, niliona aibu tu. Juzi usiku nilimsaidia yule yule baba wa kitanda cha nne kukaa, mwanae alikuwa ametoka kununua maji, nikarudi nikamfunika mama shuka na kumpanguza mdomo. Sikunawa. Mi ndo nimekuja hapa kumsema sista.

Asubuhi nilifanya kama zamu_ya_usiku alivyosema. Nilimkuta sista anaandaa kitoroli nikamwambia sista naomba unipakie na mimi. Akanipulizia, nikasugua mpaka kidole gumba kama mfamasia alivyosema, ye ananiangalia tu. Nikamwambia la sukari na la glavu. Akanyamaza kidogo moyo ukanidunda. Akasema "mama yangu hata mimi najua, boksi nimepewa moja". Halafu akavuta kitoroli akaanza na kitanda chetu. Cha sita kikawa cha kwanza! Baba wa cha nne akawa wa mwisho, na kwake alivaa mpya. Spiriti juu ya glavu bado aliitumia kwa wale wa katikati, siwezi kudanganya.

Jumapili alikuja mwingine, huyo nilipomuomba akaniuliza "we ni daktari?" Nikanyamaza. Jumatatu nikaenda kwa sista mkuu ofisini, nikamweleza taratibu bila kutaja mtu, nikamwambia la boksi moja. Akaandika kwenye daftari. Leo Jumatano kumeongezwa boksi mbili na kichupa cha sanitaiza kimefungwa kwenye kitoroli chenyewe, sijui ni mimi au ilikuwa ije tu.

Ila balaa sasa ni mama mkwe. Amesikia mazungumzo yote, amekuwa askari. Nikifika na uji hajaniitikia shikamoo ananiuliza "umenawa?" Jana mchungaji alikuja kumuombea akanyoosha mkono, mama akamwambia mchungaji anza hapo dirishani. Nimefunga chupa kama ya Mama Pendo lakini inavuja kwenye kamba, wodi inalowa, fagio_la_asubuhi wa huku amenisema. Ndoo ndogo za koki zinapatikana wapi hapa mjini?

fagio_la_asubuhi aliandika:

Nenda soko la Majengo kwenye maduka ya plastiki, chukua ya lita 10, ile ya 20 utashindwa kuinyanyua ukiwa peke yako. Na jaribu koki hapo hapo dukani kabla hujalipa.

Chikuyu_mtata aliandika:

Mchungaji amenawa lakini?

mkwe_wa_Bahi aliandika:

Alinawa. Mama alihesabu sekunde kwa sauti.